Ufukwe Usio na Mwenyewe

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kunipokea mimi. Nilifika Kirando siku ya Jumanne, na kufikia Alhamisi mwenyeji alikuwa hoi kwa ajili yangu. Dawa ilikuwa moja tu: mgeni aondoke, mwenyeji apone.

Wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, shika haya machache.

Mimi ni Stefania, mzaliwa wa Mazwi, Sumbawanga mjini. Nina stashahada ya uandishi wa habari. Chama cha ushirika kilichoniajiri kuandika jarida lake kilikufa, nikabaki na kalamu. Mchumba wangu Leonsi aliona kalamu haipiki, akaoa mwenye duka. Nacho chuo nilichosoma kikafungwa mwaka huohuo, majengo yake yakawa ghala la mbolea.

Ndipo nikaokotwa na Bwana Maganga, mkurugenzi wa kampuni ya utalii yenye chumba kimoja pale Majengo, nyuma ya mafundi cherehani. Msicheke. Soko huria lilikuwa limefunguliwa, na miaka ile kila mwenye mkoba alikuwa mkurugenzi.

Jambo la kwanza alilofanya ni kukichukua cheti changu halisi. "Kwa usalama," alisema, akakifungia kabatini.

Jambo la pili, alinipeleka Kirando kwa Land Rover, mchana mmoja tu. Ufukwe ulikuwa mtupu, kimya, mweupe. Yeye hakushuka garini. Alisema ana mafua. Nikautembea peke yangu, nikarudi mjini, nikaandika kurasa tatu za kijitabu cha kuwaita watalii. Ndani yake mlikuwa na sentensi niliyoipenda hata nikaisoma kwa sauti mbele ya kioo:

"Ufukwe huu umelala mtupu kama kitanda kilichotandikwa, hauna alama ya mguu wala mwenyewe, unamngoja mgeni."

Mkurugenzi aliisoma mara mbili.

"Stefania, wewe una ulimi."

"Ninao."

"Tia sahihi hapa chini."

Nikatia. Mwandishi gani anakataa kuitia sahihi kazi yake?

Wiki mbili zikapita, akanituma tena, safari hii peke yangu.

"Mzungu akija anataka vitu vitatu," alisema. "Mchanga, mambo ya kale, na samaki. Mchanga umeshauandika. Kaa siku tatu uniletee urithi na chakula."

Sasa tuendelee.

*

Lori la mahindi lilinishusha Kirando saa tisa alasiri. Nilitoka juu kwenye baridi nimevaa sweta, nikashuka kando ya ziwa jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Adolfu, aliipokea barua yangu ya utambulisho, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, kisha akanirudishia kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya mkia.

"Utafikia kwa Mama Coleta," alisema. "Ni mjane. Ana chumba. Na ana macho."

Mama Coleta alikuwa ameketi barazani na wifi yake, Hellena, dada wa marehemu mumewe. Walikuwa wanachambua dagaa kwenye ungo.

"Shikamooni."

"Marahaba," alijibu Mama Coleta. Hakusema karibu. Hakusema pole na safari. "Nani kakutuma?"

"Kampuni."

"Kampuni ina mama yake?"

Nikasema nimekuja kuandika mambo ya hapa, urithi na chakula.

"Chakula kinaandikwa?"

"Kinaandikwa, wifi," Hellena alidakia bila kuinua macho. "Wakimaliza kukiandika, wanakuja kukila. Wakimaliza kukila, wanakuja kumuuliza mwenye sahani anafanya nini hapa."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, nilitengewa ugali wa muhogo na mgebuka mzima, mafuta yakielea juu ya mchuzi. Mama Coleta akaweka sahani, akakaa mbele yangu, akakunja mikono.

Sikuugusa. Kwetu juu, mwenyeji ndiye anayeonja kwanza, chakula au pombe, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Nilingoja aonje. Naye alinitazama tu.

Nikatazama mgebuka. Mgebuka akanitazama.

"Mbona huli?" aliuliza.

"Namngoja mwenyeji."

"Kwangu mgeni ndiye anayefungua. Asiyefungua ana neno moyoni."

"Kwetu asiyeonja ndiye mwenye neno."

"Basi tukae."

Tukakaa. Mafuta yakaganda. Hellena alipita na ndoo kichwani, akatuona, akasema, "Jamani, huyo samaki mngejua mnampa kesi mngemrudisha ziwani."

Nililala na njaa. Tena nililala na mashaka, kwa sababu mkoba wangu niliufunga mafundo mawili, na nilipoingia chumbani nilikuta fundo moja.

*

Asubuhi nilimkabili.

"Mama, mkoba wangu umefunguliwa."

"Ndiyo," alisema. "Nimeufungua mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa ukweli sikuwa nimejiandaa.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kamba ya kupimia."

"Kamba?"

"Wiki iliyopita walikuja wanaume watatu wenye kamba. Walikunywa maji yangu, wakanishukuru, wakaenda ufukweni kwangu wakachomeka vigingi. Tangu siku hiyo sinyweshi mtu maji kabla sijajua amebeba nini. Vaa tukaone."

Nilivaa. Na hilo ndilo kosa langu la kwanza la siku ile, nilivaa viatu.

Mitumbwi ilikuwa imerudi. Ufukwe ule niliouacha kimya wiki mbili zilizopita sasa ulikuwa soko. Wanawake wengi hata nisiweze kuwahesabu, beseni kwa beseni, wanamwaga dagaa na kuwatandaza mchangani kwa mikono, wanaimba, wanatukanana kwa upendo. Nikakanyaga hatua tatu.

"Viatu!"

Sauti zilikuwa kumi, lakini ya Hellena ilifika kwanza.

"Vua viatu, wewe! Unapanda na kwato mezani kwa watu?"

Kabla sijainama, Hellena alishanivua. Nikaomba msamaha. Alivishika viatu vyangu, akavigonga kisigino kwa kisigino mara mbili ili udongo wa njiani udondokee nje kwenye majani, akanishikisha mkono wa kushoto.

"Hivi. Mtoto wa hapa anajua kabla hajajua kusema mama."

Mama Coleta alinipitisha. Nilichokidhani mchanga mmoja kilikuwa vipande vipande, kila kipande na jiwe lake kwenye kona, limezama nusu. Katikati ya vipande kulikuwa na vijia vyembamba ambavyo jicho langu halikuviona mpaka mguu uliponielekeza.

"Jiwe hili?"

"La mama mkwe wangu, Lucia. Yeye alipewa na mama mkwe wake. Sasa langu."

"Na hapa mbona hapana kitu?"

Kilikuwa kipande kizuri, karibu na maji, kitupu kabisa. Wanawake walikuwa wamebanana pande zote na hakuna aliyekigusa.

"Pa Rhoda. Alifariki. Alikuwa na mtoto mmoja, mjomba wake akamchukua kumsomesha mbali. Hakurudi hata kumzika mama yake."

"Sasa si muanike ninyi?"

Alinitazama kama nimemtukana marehemu.

"Pana mwenyewe," alisema.

Nikauliza kwa ujanja, kama mtu aliyesikia kwa watu. "Mama, kuna aliyeniambia alipita hapa wiki mbili zilizopita, akakuta patupu. Hapakuwa na mtu hata mmoja."

Hellena aliangua kicheko mpaka akashika magoti.

"Alikuja na mbalamwezi! Jamani, mtu wa mlimani! Wanaume wanavua dagaa kwa karabai, na mwezi uking'aa dagaa hawaifuati taa. Wiki ile nyavu zinashonwa, sisi tunakwenda mashambani, mchanga unapumzika. Huyo mwambie aende kwao kiangazi, akute shamba la ulezi limevunwa, aseme halina mwenyewe!"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Maisha yangu yote pale Mazwi nimeosha mchanga kwenye dagaa, maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu, huku nanung'unika. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza mchanga ule ni wa nani.

*

Hatukuwa tumemaliza kucheka Mzee Adolfu alipokuja na karatasi.

"Binti msomi, tusaidie. Hii imeletwa na tarishi wa wilaya. Kiswahili chake kinang'aa mno, kila anayeisoma anaelewa lake."

Wanawake wakasogea. Nikakohoa, nikasimama vizuri. Napenda kusoma mbele za watu, siwezi kukana.

Ilikuwa taarifa ya mkutano. Kesho Alhamisi, saa nne asubuhi, Afisa Ardhi atafika ufukweni kuthibitisha kiwanja cha hoteli ya kitalii. Siku hiyo ufukwe ufagiliwe na usiwe na shughuli yoyote.

"Ufagiliwe?" Mama Coleta aliuliza. "Ili waukute mtupu?"

"Soma ya chini," Mzee Adolfu alisema. "Wanasema yuko shahidi aliyekuja kuona kwa macho yake."

Nikafunua karatasi ya pili. Nikaanza kusoma kwa sauti ileile nzuri.

"Ufukwe huu umelala mtupu kama kitanda..."

Ulimi ukanata.

"Endelea, mwanangu."

"...kama kitanda kilichotandikwa. Hauna alama ya mguu..." Nikaisogeza karatasi karibu na uso. "...wala mwenyewe. Unamngoja mgeni."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alisema taratibu, "Kitanda. Wametuita kitanda." Mwingine akatema mate nje ya mchanga.

"Nani huyo?" Hellena aliuliza. "Msome jina, nimjue kabla sijafa."

Sahihi ilikuwa pale, nyeusi, na mkia mrefu wa herufi ya kwanza ambao nimejifunza kuuandika tangu darasa la tano ili watu wajue nimesoma.

"Sahihi imefifia," nikasema. "Haisomeki."

Nimewaahidi wasomaji wangu ukweli, ndiyo huo. Niliwadanganya wanawake waliokuwa wamenivua viatu kwa mikono yao.

*

Mchana nilifunga mkoba. Lori lilikuwa linapakia, lingeondoka saa kumi. Nilijiambia ninayo sababu, kwani nikisema neno cheti changu kitaishia kabatini mwa Maganga. Cheti kile mama yangu alikilimia ulezi misimu mitatu. Chuo kilichokitoa hakipo. Hakuna mtu duniani wa kunipa kingine. Bila karatasi ile mimi ni msichana wa Mazwi mwenye maneno mengi tu.

Nikatoka. Mama Coleta alikuwa ametandika mkeka, juu yake ugali wa moto na migebuka wawili.

"Kaa," alisema. "Lori halijajaa."

Akakata kipande, akala yeye kwanza. Akatafuna mbele ya macho yangu mpaka akameza.

"Nimeonja, kama kwenu. Sasa fungua na wewe, kama kwangu."

Nikala. Chakula hakikushuka.

"Stefania," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina langu, "nilipofungua mkoba wako sikukuta kamba. Nilikuta daftari. Jina lako liko juu, na herufi ya kwanza ina mkia kama wa kenge. Leo nimeuona mkia huo tena."

Mkono wangu ukabaki hewani na tonge.

"Ulijua? Tangu asubuhi?"

"Nilingoja uniambie mwenyewe. Nikangoja tena ulipoingia ndani kufunga mkoba."

Nilipiga magoti. Hakuniomba, nilipiga mwenyewe. Nikamwambia yote, Land Rover, mafua ya Mkurugenzi, mchana mmoja, sentensi mbele ya kioo, kabati, cheti. Nikamwomba radhi mpaka sauti ikakauka.

Alinisikiliza. Kisha akasogeza sahani.

"Inuka, chakula kinapoa. Radhi ya uani haianiki dagaa. Kesho ukaiseme mchangani."

Nje, lori likapiga honi mara tatu, likaondoka.

*

Alhamisi ufukwe ulifagiliwa. Dagaa wa siku ile walianikwa juu ya mapaa na mikeka, kuku wakala sherehe. Wanawake walipangwa kando, kwenye majani, chini ya jua.

Afisa Ardhi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye buti. Alipanda nazo mchangani moja kwa moja, akatafuta pa kukaa, akakalia jiwe la Lucia. Nilisikia Mama Coleta akivuta pumzi.

"Naona ni kweli," alisema Afisa, akitazama huku na huku. "Pako wazi."

Kisha akaja Mkurugenzi. Suti, miwani ya jua, bahasha ya kaki kwapani. Mafua yalikuwa yamepona.

"Mwandishi wangu!" alipaza sauti akiniona. "Jamani, huyu ndiye shahidi wetu. Huyu binti ana ulimi!"

Vichwa vyote viligeuka. Sitasahau uso wa Hellena.

"Ni wewe?" alisema. "Sahihi iliyofifia ni wewe? Na nikakuvua viatu kwa mkono wangu!"

Nilifungua kinywa nimjibu. Ndipo nikaona.

Mkurugenzi alikuwa amefika majani yanapoishia. Akasimama. Akainama. Akavua viatu vyake vyeusi, akavigonga kisigino kwa kisigino, mara mbili, akavishika mkono wa kushoto. Kisha akaingia mchangani, si moja kwa moja kama Afisa, bali akipinda huku, akipinda kule, akifuata vijia ambavyo mimi sikuviona mpaka nilipopitishwa. Hakuna aliyemwambia. Macho yake hayakuangalia hata chini.



"Mkurugenzi," nikasema, "nani kakuambia uvue viatu?"

"Nini?"

"Mchanga huu ni mtupu. Hauna mwenyewe. Umemvulia nani?"

Akacheka. "Joto, Stefania. Miguu inapumua."

"Na kuvigonga?"

Kicheko kikaishia njiani. Alitazama viatu mkononi mwake kama vya mtu mwingine.

Hellena alikuwa ameshainuka. Alipita kijiani, akamkaribia, na hakumtazama usoni. Alimtazama miguuni. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto hakikuwa na ukucha.

"Kidole hicho," alisema taratibu, "nilikifunga mimi. Kwa kipande cha kanga yangu. Siku kilipobanwa na mtumbwi, ukalia mpaka ukatapika." Akainua macho. "Meshack? Meshack wa Rhoda?"

Wanawake wakasimama wote mara moja kule kwenye majani.

"Toa miwani, mwanangu," Mama Coleta alisema.

Hakutoa.

Afisa Ardhi alisimama kutoka kwenye jiwe. "Bwana Maganga, kwenye fomu uliandika hujawahi kufika hapa kabla ya mwaka huu."

Ndipo nikaelewa mafua ya garini. Ndipo nikaelewa kwa nini aliichagua wiki ile, ya mbalamwezi, na mchana ule, na mimi, mtu wa mlimani mwenye maneno mazuri na asiyejua kitu. Hakukosea tarehe. Aliijua kama anavyolijua jina la mama yake.

"Sikilizeni," alisema, na sauti ya ukurugenzi ilikuwa imemtoka. "Mama yangu alikufa ananuka dagaa. Nguo, nywele, mikono. Shuleni walinikimbia kwa harufu yake kwenye shati langu. Mnataka binti zenu wanuke hivyo mpaka lini? Mimi nataka pahali hapa panuke kitu kingine!"

"Harufu hiyo ndiyo iliyokununulia daftari la kwanza," Mama Coleta alimjibu, bila hasira. "Kipande chake tumekuwekea. Nenda katazame. Hakuna aliyetia hata dagaa mmoja."

Nilidhani atalia. Hata wewe ungedhani. Lakini aliipanga tai yake, akamgeukia Afisa.

"Hayo ni mambo ya ukoo. Tufuate karatasi."

"Mimi nafuata karatasi siku zote," Afisa alisema. "Na karatasi ina shahidi mwenye sahihi. Shahidi anasemaje?"

Nikaenda mbele. Peku.

"Niliandika mimi. Nilikuja mchana mmoja, wiki ya mbalamwezi, nikakuta watu wamepumzika nikasema hawapo. Maneno ni matamu na ni ya uongo. Nayafuta."

"Yaliyoandikwa hayafutwi kwa mdomo, binti." Akanipa karatasi safi na kalamu. "Andika."

Nikaandika juu ya mgongo wa Hellena, aliyeinama bila kuombwa. Sikutafuta kitanda wala mgeni anayengojwa. Niliandika: Ufukwe huu una wenyewe, na kila jiwe lina jina. Nikatia sahihi, na mkia wake.

Afisa alizishika karatasi zote mbili, moja kila mkono.

"Sasa nina shahidi mmoja anayesema mambo mawili," alisema. "Nitazipeleka wilayani zote. Ni wao watakaoamua ulidanganya lini."

"Basi iwepo ya tatu," Mkurugenzi alisema.

Alikuwa amesogea hadi majini, maji yakimfika vifundoni, suruali yake nzuri ikilowa. Aliifungua bahasha ya kaki. Akatoa karatasi ninayoijua hata gizani, mhuri mwekundu, jina langu kwa wino wa bluu.

"Afisa hajaondoka," alisema. "Andika kwamba wanawake hawa walikutisha. Kisha niombe radhi hapa, mbele yao, kwa kunivua nguo. Naona wauza dagaa hawa wamekupigisha magoti. Mimi sitaki magoti. Nataka neno moja, wewe unayeyapenda maneno. Chukua cheti chako, panda gari, tuondoke."

Akakinyoosha juu ya maji, kwa vidole vitatu.

Nilimtazama Mama Coleta anisaidie. Hakunisaidia. Hakutikisa kichwa, hakuinua nyusi. Hellena alikuwa bado ameinama, mgongo wake uko tayari kama nitataka kuandika tena.

Afisa Ardhi alingoja, kofia ya kalamu mdomoni.

Nikauona ulezi wa mama yangu, misimu mitatu. Nikaliona ghala la mbolea.

Kidole kimoja cha Mkurugenzi kikaachia. Upepo wa ziwa ukakishika cheti, kikaanza kupepea kwenye vidole viwili.

"Neno moja, Stefania. Upesi."

"Niliyemkosea nimeshamwomba radhi," nikamwambia, "na alinilisha kwanza. Wewe sikuombi. Si leo, si wilayani, si mbele ya huyu wala ya Mungu. Achia ukitaka."